Mita Mia Tano

Nimeichapa amri hii mara nyingi
hata vidole vinaijua bila macho:
asimkaribie, asimpigie simu, asimtume mtu.
Mita mia tano, kwa tarakimu na kwa maneno,
maana sifuri moja ikidondoka
mtu amebomolewa ukuta.

Jumanne ile mvua ya baridi ya Julai ilikuwa imeufunga mji wa Salto.
Akaingia Nélida Bentancur, mfungashaji wa ghala la matunda,
machungwa yamemganda kwenye kucha.
Nilimsogezea kiti.
Akasema atasimama.

Hakimu akauliza: tangu lini?
Akahesabu kwa mavuno, si kwa miaka.
Mavuno saba. Jino lilitoka mavuno ya tatu.
Mama mkwe alizoea kumwambia
vyombo vya kabati moja havikosi kugongana.
"Ni kweli, mheshimiwa. Lakini mbona
kila siku kinachopasuka ni kikombe kilekile?"

Nikaandika: mlalamikaji ameeleza.
Karani hana safu ya kuandika zaidi ya hapo.

Wáshington akavishwa chuma chembamba kifundoni.
Yeye akapewa kidude cheusi cha kutia mkobani,
kilie yule akikaribia.
Alikishika kama yai la ndege asiyemjua,
akauliza:
Chaji inakaa saa ngapi?
Kikilia, anayesikia kwanza ni mimi au ninyi?
Na nyumba, usiku wa leo, ni ya nani?

Hakimu alianza na la mwisho.
Nyumba ni yako. Anayetoka ni yeye.

Hapo ndipo alipoketi.

Ghalani kwao kuna pete za chuma za kupimia machungwa;
linalopita huku, linalobaki kule.
Sasa anatembea ndani ya pete yake mwenyewe.
Akienda kununua mkate, pete inakwenda naye,
inameza duka la dawa, shule, kituo cha basi, kipande cha mto,
na mtaa wa tatu kutoka hapo mwanamume anaacha
kibuyu cha chai kingali moto
anahama kona, anaitukana hewa.

Nisikudanganye. Karatasi haizuii ngumi.
Karatasi huloa.
Septemba kidude kililia katikati ya onyesho la shule,
bintiye Yamila jukwaani, mabawa ya nyuki mgongoni.
Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.
Zamani angeomba radhi.
Alisimama, akabonyeza, akataja jina lake
na namba ya kesi, tarakimu zote kumi na moja,
kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama buchani.
Polisi walifika baada ya dakika tisa.
Tisa ni nyingi.
Niliziandika kwenye jalada, nikapiga mstari chini yake,
ingawa hakuna aliyeniagiza mstari.

Mama yangu hakuwahi kupewa pete.
Alikuwa na kabati la nguo,
mimi na kaka yangu ndani yake,
na viganja viwili vya kutuziba midomo.
Namba ya kesi yake ni ipi?
Huwa natafuta, saa za chakula cha mchana,
katika madaftari ya miaka ile.
Kuna kesi za ng'ombe. Kuna kesi za mipaka ya mashamba.

Amri huisha baada ya siku mia na themanini.
Leo Nélida amerudi kuomba iongezwe,
na kabla hata ya salamu ameuliza soketi iko wapi,
kidude kimebakiwa na chaji kidogo.
Ofisi hii ina soketi moja tu inayofanya kazi.
Nimechomoa taa yangu ya mezani.
Nje mvua, saa kumi na moja jioni, herufi sizioni vizuri.
Nachapa hivyohivyo.
Mita mia tano.
Vidole vinaijua.